Opera Mini: Mpagazi Aliyeachwa Njiani

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Tabora ukashika njia ya Kwihara, baada ya kilometa chache utafika kwenye tembe lenye kuta nene za udongo ambalo leo ni jumba la makumbusho. Hapo ndipo David Livingstone alipokaa mwaka 1872 akingoja watu. Henry Morton Stanley alikuwa ameondoka kurejea pwani mwezi Machi mwaka huo, naye alimwahidi kumpelekea wapagazi. Wapagazi hao, ambao idadi yao haikufikia 60, waliwasili Agosti. Kwa miezi mitano mzee yule alikuwa na vitu vyake na nia yake ya safari, lakini hakuwa na mabega ya kuvibeba, na kwa hiyo hakwenda popote.

Kisa kingine cha huko huko ni cha mfuko wa barua. Mfuko huo uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870 kule Unguja. Mwenyewe aliupata Ujiji mwezi Novemba 1871, tena kwa sababu Stanley aliukuta umelala Unyanyembe akauchukua. Mwaka mzima, kwa barua!

Tabora ni mji uliozaliwa na mizigo. Tangu wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipojenga hapo mnamo mwaka 1852, mahali palipojulikana kwa jina la Kazeh, pembe za ndovu zilishuka pwani, na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Na katika misafara hiyo hiyo walipelekwa pia binadamu waliofanywa bidhaa. Reli hapakuwa, gari hapakuwa, na punda aghalabu walikufa njiani. Kila kitu kilipita juu ya bega au kichwa cha mtu. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo, nao walibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 30, kwa safari ya miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Ndiyo maana kabla ya safari shehena ilifunguliwa, ikapimwa, ikafungwa upya hadi ilingane na bega la mtu mmoja. Kilichozidi kiliachwa.

Nayaeleza haya kwa sababu karne moja na nusu baadaye, katika njia ile ile ya kutoka pwani kwenda magharibi, tulipata mpagazi wa namna nyingine. Naye alifungua mizigo akaifunga upya ili itoshe mahali padogo. Wengi wetu tulimtumia kila siku, kisha tukamwacha bila hata kumuaga. Namzungumzia Opera Mini, kile kivinjari chenye alama ya herufi O nyekundu.

Mapema mwaka 2010 nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Ng'ambo, nikingoja matokeo yangu ya kidato cha nne. Mjini palikuwa na duka la intaneti lenye kompyuta chache, na foleni ya wanafunzi ilikuwa imetoka nje hadi barabarani. Kaka yangu alikuwa na Nokia 2700. Aliniambia nisijisumbue na foleni. Saa sita za usiku, mtandao ulipopungua watu, tuliketi ukumbini watu wanne tukiwa tumeinamia kioo kisichozidi upana wa vidole vitatu. Mstari mdogo wa kuonyesha mwendo ulijaa polepole, ukasimama, ukajaa tena. Halafu zikatokea namba za watahiniwa, moja chini ya nyingine, bila picha wala pambo lolote. Shangazi, ambaye hakuwa amevaa miwani yake, aliuliza mara tatu, "Umeliona jina lako?" Kaka akamweleza kuwa wanaandika namba tu. Nilipoiona namba yangu nilikaa kimya kidogo kabla ya kuwaambia.

Salio lililoliwa usiku ule lilikuwa dogo mno kiasi kwamba kaka hakuona haja ya kunidai.

Ili tuelewe ni kwa nini salio lile halikuisha, hapana budi tufahamu jinsi kivinjari kile kilivyofanya kazi. Kivinjari cha kawaida huenda chenyewe kwenye ukurasa unaoutaka, kikauchukua wote pamoja na picha zake, matangazo yake na maagizo yake, kisha kikaupanga ndani ya simu. Kazi hiyo yahitaji simu yenye nguvu na mtandao mpana. Opera Mini haikufanya hivyo. Simu ilipeleka ombi tu kwenye seva za kampuni ya Opera zilizokuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Seva hizo ndizo zilizokwenda kuuchukua ukurasa, zikaufungua, zikapunguza picha, zikatupa kisichohitajika, zikaufunga upya katika kifurushi kidogo, na kifurushi hicho ndicho kilichosafirishwa hadi Tabora. Kampuni ilidai kwamba uzito wa ukurasa uliweza kupungua hadi kwa asilimia 90.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme ukurasa wa gazeti una KB 300. Ukiwa na MB 10, kivinjari cha kawaida kitakufungulia kurasa kama 33, kisha salio limekwisha. Ukurasa huo ukipunguzwa hadi KB 30, MB zile zile 10 zinakufungulia kurasa zaidi ya 330. Kwa mfanyakazi aliyenunua vocha ya shilingi mia tano, tofauti hiyo ni sawa na ya mtu anayesoma gazeti lake kila asubuhi kwa mwezi mzima na mtu anayelisoma siku tatu tu.

Kivinjari hiki kilitengenezwa Norwe. Jon von Tetzchner na Geir Ivarsøy walianza wakiwa watumishi wa shirika la simu la nchi hiyo, Telenor, na mwaka 1995 wakaanzisha kampuni yao, Opera Software, mjini Oslo. Kivinjari chao cha kompyuta hakikuwahi kuwashinda wakubwa wa Marekani. Opera Mini ndiyo iliyowapeleka mbali. Ilijaribiwa kwanza Norwe mwezi Agosti 2005, na Januari 2006 ikatolewa kwa dunia nzima. Ilikuwa programu ndogo ajabu. Matoleo yake ya kwanza hayakufikia hata robo ya MB moja, na simu yoyote yenye uwezo wa Java iliweza kuipokea. Sisi hatukuipakua, tulirushiana kwa Bluetooth shuleni, chini ya mwembe, kama vile watu wanavyogawana mbegu. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2011 watumiaji wake duniani walikuwa wanakaribia milioni 100, na katika miaka ile hesabu za StatCounter ziliiweka Opera mbele ya vivinjari vyote vya simu barani Afrika.

Basi ilikuwaje mpagazi huyu akaachwa?

Wako wanaosema kuwa alizembea. Mimi sikubaliani nao, angalau si moja kwa moja. Jambo la kwanza lililomwondoa ni lile lile lililowaondoa wapagazi wa Unyamwezi: njia ilibadilika. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905; ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mzigo wa msafara mzima, tena kwa siku chache. Hakuna aliyewafukuza wapagazi. Hawakuitwa tena, basi.

Kwa upande wa mawasiliano, reli yetu ilikuwa nyaya za baharini. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 2009 ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ili mwanga uliokuwa umefika ufukweni uingie hadi mikoani. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia angani kwa setilaiti, njia ya gharama na ya mwendo wa kinyonga. Njia ilipopanuka, kampuni za simu zilianza kuuza vifurushi vya siku na vya wiki, na mtu aliyekuwa akihesabu kila KB akaanza kuhesabu MB, kisha GB.

Jambo la pili ni simu yenyewe. Simu janja za Android za bei nafuu, hasa zile za Tecno na itel, ziliingia madukani kwa wingi. Ndani yake ulikuta tayari Chrome, kivinjari cha Google, kikiwa kimewekwa kiwandani. Mtu aliyenunua simu mpya Soko Kuu hakuwa na sababu ya kutafuta kivinjari kingine, kama vile mpangaji anavyotumia jiko alilolikuta ndani ya nyumba. Nguvu kubwa ya Chrome katika nchi hii ni hiyo ya kukutwa, wala si kwamba watu waliketi wakalinganisha vivinjari viwili wakachagua kimoja.

Halafu likaja tukio ambalo wasomaji wengi mtalikumbuka. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Katika mikono ya wananchi zilikuwamo simu nyingi zilizoandikwa majina makubwa lakini hazikutoka katika viwanda vya majina hayo, na baadhi yake ndizo zilizokuwa na ile O nyekundu. Sisemi kuwa uamuzi ule ulikuwa mbaya. Simu bandia zina hasara zake kwa afya na kwa usalama. Lakini kwa usiku mmoja watu walilazimika kununua simu nyingine, na wengi wa waliojikusuru wakapata fedha walinunua zile za kioo cha kugusa.

Zaidi ya hayo, sisi wenyewe tulibadilika. Tuliacha kutembelea kurasa, tukahamia ndani ya programu. Habari za ukoo zikawa kwenye makundi ya WhatsApp, mahubiri na muziki vikawa YouTube, na mauzo ya vitenge yakawa Instagram. Kivinjari ni mlango wa kutokea kwenda dunia nzima, lakini mtu ambaye mchana kutwa yumo ndani ya vyumba vitatu hahitaji sana mlango. Nao wenye simu ndogo walifungiwa nje ya vyumba hivyo kimoja baada ya kingine: mwisho wa mwaka 2018, kwa mfano, WhatsApp iliacha kuzihudumia simu za Nokia za mfumo wa S40, ukoo ule ule wa simu ya kaka yangu.

Kurasa nazo zilinenepa. Hesabu za watu wanaopima uzito wa kurasa za intaneti zaonyesha kwamba kati ya mwaka 2012 na 2022 ukurasa wa kati uliotumwa kwa simu uliongezeka uzito karibu mara saba, ukafikia MB 2. Rejea ile hesabu yetu: kwa MB 10 sasa unapata kurasa tano. Na kurasa hizi mpya hazikuwa maandishi na picha tu. Zilijaa maagizo ya kompyuta yanayotaka kutekelezwa ndani ya simu yako, si katika seva ya mbali. Ukizipitisha kwa mpagazi wa zamani zilifika zimevunjika: kitufe hakibonyezeki, fomu haitumiki, kiambatisho hakipandi. Kijana aliyetaka kuomba kazi kwa fomu ya namna hiyo alijikuta anaazima simu ya jirani.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito, nalo ni la siri. Mwaka 1871 Livingstone aliporudi Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake amekwisha kuziuza zote. Anayekubebea mzigo anaweza kuufungua. Na Opera Mini, kwa namna ilivyoundwa, ilikuwa lazima iufungue, maana isingeweza kuupunguza bila kuuona. Ukurasa wa benki ambao ulitakiwa uwe siri baina yako na benki, katika njia hiyo ulifunguliwa kwanza kwenye seva za kampuni. Sina habari kwamba kampuni ile iliiba siri ya mtu yeyote, wala sitaki kuizulia. Nasema tu kwamba katika miaka ambayo fedha zetu zilihamia kwenye simu, dunia nzima ilianza kudai kifungo kisichofunguliwa njiani, na mpagazi wa kufungua na kufunga upya hakuwa na jibu jepesi. Kampuni ilileta katika Android njia ya pili, isiyopunguza sana lakini isiyovunja kurasa, na ikaacha ile ya zamani iwepo kwa wanaoitaka.

Mwishowe mwenye msafara alibadilika. Von Tetzchner aliondoka katika kampuni mwaka 2011. Mwaka 2013 Opera iliachana na injini yake yenyewe ya kivinjari cha kompyuta ikaanza kutumia ile ya Google. Novemba 2016 biashara ya vivinjari iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa Kichina kwa dola za Marekani milioni 575, na Julai 2018 kampuni mpya ikaingia katika soko la hisa la Nasdaq. Tangu hapo yeyote anayefungua Opera Mini hupokewa na habari na matangazo mengi kabla hajafika alikokusudia. Kampuni ikaingia pia katika mikopo ya simu, na Januari 2020 kampuni moja ya Marekani, Hindenburg Research, ilichapisha ripoti ikiituhumu kwamba mikopo yake nchini Kenya, India na Nigeria ilikuwa ya muda mfupi mno na riba kubwa mno. Opera ilizikana tuhuma hizo. Wazazi wenye vijana waliokwisha kukopa kwa simu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Opera Mini haijafa, ndugu msomaji, na nisingependa mtu atoke hapa akasema gazeti limeiandikia tanzia. Ungali waweza kuipata katika simu ya Android bila malipo, nayo ingali ikipunguza uzito wa kurasa. Lakini ukiuliza vijana kumi kituo cha mabasi cha Tabora, tisa watakuonyesha Chrome, tena bila kujua jina lake. Kwao hiyo ni "Google" tu.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea shangazi. Siku hizi hakai tena Ng'ambo. Amehamia Sikonge, kusini ya Tabora, kwenye shamba lake la tumbaku. Mjukuu wake alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mambo yalikuwa yale yale ya mwaka 2010, isipokuwa simu. Sasa ilikuwa simu ya kioo, mpya kabisa, imenunuliwa kwa fedha za mavuno. Tulinunua kifurushi cha siku. Kijana akafungua tovuti moja iliyotangaza kuwa ina matokeo, na kabla ya matokeo yakaja matangazo, na kabla ya matangazo kwisha video ikaanza kucheza yenyewe, na chini yake picha za wachezaji wa mpira. Mnara ulikuwa mbali; alama za mtandao zilipanda na kushuka. Ujumbe ukaingia kutueleza kuwa kifurushi chetu kimekwisha. Shangazi alinitazama.

"Mwanangu," akasema, "ile ya kaka yako ilikuwa ndogo lakini ilifungua. Hii mbona inakula tu?"

Sikuwa na jibu la haraka, lakini swali lake ndilo lililoniketisha kuandika makala hii. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 haikufika Sikonge. Mkulima wa huko aliendelea kubeba mzigo wake kichwani hadi stesheni kwa miaka mingi baada ya misafara mikubwa kusahauliwa, ila sasa alibeba peke yake, bila kirangozi na bila desturi za msafara zilizomlinda. Hali ni hiyo kwa mtandao. Aliye karibu na mnara wa 4G haoni upungufu wowote kwa kuondoka kwa mpagazi. Aliye mwisho wa njia ameletewa mzigo wa mjini, kilo zote, naye bega lake ni lile lile.

Na wakubwa wa kazi hii wameamini kuwa njia imekwisha kupanuka kila mahali. Chrome yenyewe ilikuwa na sehemu ya kupunguza matumizi ya data. Machi 2022 Google iliiondoa, na miongoni mwa sababu ilizozitoa ni kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Ni kweli imeshuka. Lakini ukurasa umenenepa mara saba, na shangazi bado ananunua kifurushi cha siku.

Yapo machache ya kufanya nyumbani. Katika simu ya Android, fungua mipangilio uzuie programu zisijiboreshe zenyewe isipokuwa kwa Wi-Fi, maana hizo ndizo hula kifurushi usiku wakati mmelala. Ndani ya WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Opera Mini ukiiweka, chagua ile njia ya kubana sana kwa ajili ya kusoma magazeti na masomo. Lakini mambo ya benki na ya fedha usiyapitishe humo, yapitishe kwa programu ya benki yenyewe au kwa menyu ya namba za simu. Na matokeo ya mtihani yatafuteni kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani lenyewe. Ukurasa wao wa matokeo hadi leo ni orodha ya namba na alama, karibu maandishi matupu, mwepesi kama ule niliousoma mwaka 2010. Kinachomaliza vifurushi vya watu ni tovuti za pembeni zinazodandia siku hiyo kwa ajili ya matangazo.

Na wenye kutengeneza tovuti za mashule, hospitali na halmashauri nao yawapasa wajaribu kazi yao kwa simu ya bei ndogo, wakiwa Sikonge au Kaliua, kabla ya kuizindua kwa mabango Dar es Salaam. Mpagazi anayepunguza mzigo hayupo tena njiani. Atakayeupunguza ni yule anayeufunga.

Jioni ile tulinunua kifurushi kingine, nami nikamwonyesha kijana anwani ya Baraza. Ukurasa ulifunguka mara moja hata kwa alama moja ya mtandao. Alitafuta namba yake kwa kidole, polepole, huku bibi yake akiwa amesimama nyuma yake, safari hii amevaa miwani. Ile Nokia ya kaka yangu ipo kwake hadi leo, kwenye dirisha la chumbani. Haina laini ndani. Huiwekea saa kumi na moja za alfajiri, nayo humwamsha kwenda shambani.